Mshono wa Mukai

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, alfajiri. Nzomo alifika ukingo wa bwawa akakuta mashua yake haipo. Aliikuta mbele kidogo, imekwama kwenye matete, ndani mna damu iliyoganda na karatasi ya wembe mpya.

Naibu chifu Titus alikuja na viatu visivyojua tope.

"Mzee, mtu amechinjwa hapa. Kama jioni hujaleta mwenye makosa, wewe utalala ndani, na hizi mbao nachoma."

"Mkipeleleza nyinyi, mwenye makosa huwa ni maskini aliye karibu," Nzomo akajibu. "Nitamtafuta mwenyewe."

Mashua ile ndiyo iliyokuwa ikimlisha tangu afiwe na Mukai, mkewe. Usiku wa uchungu alimpeleka zahanati kwa wilbaro, wakakuta kufuli. Mukai akafia mlangoni na mtoto tumboni. Hospitali iko ng'ambo ya rasi, lakini nani angetweka tanga usiku, na viboko wamejaa?

Alianza na Gichuru, mnunuzi wa samaki kutoka Murang'a, aliyefunga mkono kitambaa.

"Mkono uko na nini?"

"Mwiba wa kambare."

"Na usiku ulikuwa wapi?"

"Ngai! Mimi niingie hiyo maji usiku? Hata kuoga naogea karai, na hiyo karai naishikilia!"

Nzomo alifungua kitambaa. Tundu la mwiba, si mkato wa wembe. Akamfunga tena, taratibu.

Akarudi kwenye mashua. Tanga la magunia ya mbolea lilikuwa limepasuka, likashonwa kwa uzi wa katani. Akapitisha vidole. Kila msusi wa kiondo, kikapu cha katani, ana namna yake ya kumalizia mdomo wa kiondo. Mshono huu ulirudi nyuma mara mbili ndipo ukaenda mbele. Alikuwa amelala kando ya mikono iliyoshona hivyo miaka ishirini.

Lakini wafu hawashoni, na Mukai alimfundisha mtu mmoja tu.

Wanza, mkunga, alikuwa mlangoni pake akisuka kiondo. Titus alifuata nyuma akihema.

"Mama, nani alikufa kwenye mashua yangu?"

"Hakuna aliyekufa, Nzomo. Ingia."

Kitandani alilala Ndila, jirani yao, na kichanga kifuani.

"Zahanati ilikuwa na kufuli," Wanza akasema. "Barabara imekatwa na mvua. Nikachukua mashua yako, tukashika ukingo, nikisikiliza vyura. Wakinyamaza, najua kiboko yuko hapo, nasogea kilindini. Wakiimba, narudi. Tanga likapasuliwa na kisiki. Nikashona kwa kupapasa, huyu akinishikia uzi kwa meno, katikati ya uchungu. Mtoto hakungoja hospitali; nikakata kitovu humo humo kwa wembe mpya. Tukarudi, tukakwama kwenye matete, nikamleta nyumbani kwa miguu."

"Na hukuniamsha?"

"Mkubwa hapa alitangaza mkunga akishikwa anafungwa." Akainamisha kichwa. "Lakini si hiyo. Ningegongaje mlango wako usiku, nikwambie kuna mwanamke ana uchungu? Wewe?"

Nzomo alikaa chini. Akachukua kiondo kile, akapapasa mdomo wake.

"Wizi wa mashua," Titus akasema, "na ukunga bila ruhusa. Mama, simama twende."

Nzomo ndiye aliyesimama, akaziba mlango. "Wizi gani? Mashua nimempa. Nimempa leo, kuanzia jana. Na usiku mwingine nitashika usukani mimi, yeye asikilize vyura."

"Basi kesi imekwisha," Titus akasema.

"Ya mashua imekwisha. Jana usiku, mkubwa, ufunguo wa zahanati ulikuwa kwa nani?"

Titus akafunika kwa kiganja funguo zilizoning'inia kiunoni, akatazama viatu vyake, vilivyojaa tope. Mtoto akapiga chafya. Nzomo akauliza tena, kwa upole, kama mtu anayeuliza njia:

"Na ule usiku wa Mukai, ulikuwa kwa nani?"