Kidole cha Yumna

Kila alasiri Sufyan alipotoka shule hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia kwanza madrasa iliyo karibu na kwao Kibokoni, akasimama mlangoni penye viatu vingi, akamngoja mdogo wake Yumna atafute vyake. Yumna alikuwa na umri wa miaka saba, meno mawili ya mbele hana, na maneno hayamwishi mdomoni. Njiani alimsimulia kaka yake sura aliyoihifadhi siku hiyo, nani amelia, na nani amekula embe kisirisiri ustadhi alipogeuka. Sufyan, aliyekuwa Gredi ya Saba, aliitikia "ehe, ehe" huku mawazo yake yako kwenye mpira.

Kuhifadhi kwa Yumna hakukuwa kazi. Ustadhi akisoma aya mara mbili au tatu, Yumna keshaishika, na ikiingia haitoki tena. Mama yao, Bi Swabaha, aliona fahari kubwa, ila hakupenda kulisema sana mbele za watu. Yeye aliuza mabuibui katika mtaa wa Biashara, na baba yao alikuwa fundi wa mashine za boti kule Liwatoni. Wote wawili walirudi nyumbani baada ya magharibi.

Mwanzoni mwa mwaka, Mwalimu Auma, aliyemfundisha Yumna shuleni, aliwaita wazazi wa Gredi ya Pili. Bi Swabaha alimwachia duka jirani yake Bi Sugra, anayeuza vitabu na kalamu, akaenda mbio kusikiliza. Mwalimu aliwaeleza wazazi watarajie nini mwaka huo. Watoto watang'oka meno, watauliza maswali mpaka wachoshe, watagombana na rafiki zao asubuhi na kupatana mchana. Wataanza kuandika sentensi nzima.

"Na kufikia mwisho wa mwaka," alisema, "mtoto akipewa kifungu ambacho hajawahi kukiona, akisome mwenyewe. Lakini kabla ya hapo atasoma vibaya. Atakwama, atarudia, atawachosha. Mkimsikia anakwama msivunjike moyo, kwa sababu hapo ndipo anapojifunza."

Kisha akaomba kwamba kila jioni mtoto asome ukurasa mmoja nyumbani, na kila Ijumaa mzazi amrekodi kwa simu akisoma na kumtumia mwalimu video hiyo. Bi Swabaha aliporudi nyumbani alimwita Sufyan.

"Babangu, kazi hii nakuachia wewe. Wewe wasoma vizuri, nami nikirudi kichwa huwa chaniuma. Msikilize mdogo wako, umrekodi kwa ile simu yangu ya zamani."

"Sawa, mama," Sufyan akajibu. Alipenda kuaminiwa.

Siku za mwanzo alijitahidi kweli. Lakini Yumna aliweka kidole chini ya neno, akatamka silabi moja, akakwama, akatazama dari, kisha akauliza kwa nini paka hana nyusi. Mstari mmoja ulimaliza jioni nzima. Huko chini barabarani rafiki yake Zoher alipiga mluzi, akangoja, akapiga tena, halafu akaenda zake na mpira. Hakuna kinachomuuma mvulana kama kusikia wenzake wanaanza kucheza bila yeye, na Sufyan alisikia yote kupitia dirishani.

Siku moja uvumilivu ukamwisha. "Lete hicho kitabu," akasema. "Mimi nasoma, wewe fuatisha."

Alisoma ukurasa, Yumna akafuatisha. Akausoma tena. Mara ya tatu Yumna aliusoma peke yake, kutoka juu hadi chini, hakukwama hata pahali pamoja, sauti ikipanda na kushuka kama ya mtangazaji wa redio. Kidole chake kilitembea chini ya mistari. Sufyan akarekodi, akamtumia mwalimu na mama, na kabla Zoher hajachoka kupiga mluzi alikuwa ameshafika barabarani.

Mwalimu Auma alijibu kwa sauti yake mwenyewe: "Hongera Yumna. Hongera mama. Kazi nzuri." Bi Swabaha aliicheza video ile dukani, akawaonyesha wateja, akamwonyesha Bi Sugra, akaitazama tena peke yake alipokuwa akifunga duka. Tangu hapo kila jioni ikawa vivyo hivyo. Yumna alikuwa akimkimbilia kaka yake na kitabu mkononi, kwa sababu aliamini kwamba huko ndiko kusoma, na kwamba yeye ni hodari.

Ijumaa moja Sufyan aliona jambo. Kidole cha Yumna kilifika mwisho wa ukurasa ilhali mdomo ungali katikati ya hadithi. Yumna hata hakushtuka. Aliendelea kutamka, kidole kimetulia pale chini pembeni, mpaka maneno yakaisha. Sufyan alijua maana yake. Angeweza kumwambia mama jioni ile ile, na mambo yangekuwa mepesi. Badala yake aliifuta video.

"Tunarudia," akasema. "Safari hii kidole kiende polepole."

Yumna akatii. Alimtii kaka yake katika kila jambo.

Muhula wa tatu ulipoanza, jioni moja Bi Swabaha alirudi na kitabu kipya chenye picha za rangi. "Bi Sugra kaleta zawadi," akasema huku akivua viatu. "Asema ni ya yule msomaji wa kwenye simu. Haya mamangu, nisomee. Leo nataka kusikia mwenyewe."

Sufyan akadakia. "Mama, ana usingizi huyu."

"Sina," Yumna akasema, akakaa mkekani na kukunja miguu vizuri. Alifungua ukurasa wa kwanza. Palikuwa na picha ya gari moshi na abiria wenye mizigo. Akaweka kidole kwenye mstari wa juu, akaanza kwa sauti yake nzuri:

"Mzee Kadenge alikuwa na mbuzi mtundu. Siku moja mbuzi yule alikula kofia ya Mzee Kadenge. Mzee Kadenge akatafuta kofia yake chini ya kitanda."

Bi Swabaha alikuwa akitabasamu. Kisha akainama kutazama kitabu, akatazama picha, akatazama yale maneno yaliyokuwa juu ya kidole cha mwanawe. Hakumkatiza. Yumna alisoma hadithi yote ya mbuzi, ile ya kitabu cha shule, mpaka mwisho, akafunga kitabu na kungoja sifa.

"Mbuzi yuko wapi hapa, mamangu?" Bi Swabaha akauliza polepole, akikifungua tena.

Yumna akaitazama picha. "Hawakumchora."

"Na hapa pameandikwa nini?"

Yumna alilitazama neno, kisha akamtazama Sufyan. "Kaka hajanisomea hapo."

Yumna aliangalia uso wa mama yake, na tabasamu lake likaanza kupotea. "Mbona hufurahi, mama? Nimekosea wapi?"

"Hukukosea wewe," Bi Swabaha akasema, akamvuta na kumkumbatia. "Sufyan, niambie."

Sufyan alisema yote, hata habari za kile kidole na ile video aliyoifuta. Hakupigwa. Pengine angepigwa ingekuwa nafuu, maana alichokiona ni mama yake akilia kwa sauti ya chini, na hilo hakuwahi kuliona.

"Nami nilikuwa wapi?" Bi Swabaha akasema. "Mwalimu alituambia mtoto atakwama. Wangu hakukwama hata siku moja, wala sikujiuliza. Nilikuwa naonyesha wateja."

Asubuhi yake walikwenda wote kwa Mwalimu Auma. Mwalimu alimpa Yumna sentensi fupi, akamsikiliza, kisha akamtuma nje akacheze.

"Nina watoto waliochelewa kujua kusoma," akasema. "Tangu muhula wa kwanza wengine wakienda nyumbani mimi hubaki nao. Sasa wanasoma. Yumna nilimweka kwa hodari kwa sababu ya zile video. Darasani tukisoma pamoja, sauti yake ndiyo ya juu kuliko zote. Ningekaa naye peke yake ningejua, na sikukaa. Hilo ni langu, Mama Sufyan, nami najuta."

Kuanzia siku hiyo Yumna alibaki na mwalimu baada ya masomo. Wale wengine walikuwa wamekwisha kutoka katika kundi hilo, isipokuwa wachache, na mtoto mmoja akamuuliza mbele ya wenzake, "Kwani wewe hukuwa unajua?" Yumna alirudi nyumbani macho mekundu. Jioni Sufyan alipokaa naye, aliweka kiganja juu ya mdomo wa kaka yake. "Usinisomee," akamwambia. Hakumkimbilia tena na kitabu. Ilibidi aitwe, na wakati mwingine aliitwa mara nyingi.

Zoher alipiga mluzi siku mbili tatu, akaacha. Sufyan alijifunza kunyamaza, na kunyamaza kulikuwa kugumu kuliko kusoma. Yumna akikwama, yeye hutazama mikono yake mwenyewe na kungoja. Jioni moja Yumna alihangaika na neno moja mpaka jasho likamtoka puani. "Sa. Ha. Saha. Sahani." Akaelekeza kidole jikoni. "Sahani hizi za kulia?"

"Hizo hizo."

"Kumbe zimo humu kitabuni," akasema kwa mshangao, na Sufyan alilazimika kugeuza uso.

Wiki ya mwisho ya mwaka Mwalimu Auma alimpa Yumna kifungu kipya. Bi Swabaha na Sufyan walikaa kwenye benchi la nyuma. Yumna alisoma kwa sauti ndogo, sauti ya mtu anayeogopa kusikiwa. Alikwama, akarudi nyuma, akajaribu tena. Neno moja lilimkatalia kabisa, na Sufyan alifungua mdomo, lakini mwalimu alimtikisia kichwa. Yumna alilivunja silabi kwa silabi, akalipata, akaendelea hadi nukta ya mwisho.

"Amesoma," Mwalimu Auma akasema. "Bado yu nyuma ya wenzake kidogo. Gredi ya Tatu atahitaji bidii, lakini amesoma mwenyewe." Kisha akamgeukia Sufyan. "Ulipomwondolea mdogo wako kukwama, ulidhani umempunguzia kazi. Kukwama ndiko kulikokuwa masomo yake. Na ulipotuma video za uongo, ulitufunga macho sisi tuliokuwa tayari kumsaidia. Ukiona mwenzako hajui, kaa naye au sema. Usimfunike."

"Nimeelewa, mwalimu. Nisamehe," Sufyan akasema.

Walitoka kurudi nyumbani, Bi Swabaha akitangulia. Yumna alitembea kando ya kaka yake bila kusema kitu, jambo ambalo siku hizi lilikuwa la kawaida.

"Kaka," akasema hatimaye. "Zile siku nilipokuwa nasoma mbio, wewe ulijua kuwa sijui?"

Sufyan alitaka sana kusema hakujua. "Nilijua," akasema.

Yumna alifikiri kwa hatua chache. "Mimi nilidhani najua," akasema. "Ungeniambia."

Akamwacha pale, akaongeza mwendo, akaenda kumshika mama yake mkono. Sufyan akawafuata nyuma, amebeba mkoba wa mdogo wake.