Mkurugenzi wa Mbwa

Swabra na Jafar walikutana wakigombania matumbo, na mtu asicheke, kwani mapenzi mengi ya hapa petu yameanzia pabaya kuliko hapo.

Ilikuwa Jumamosi, soko la Kongowea limejaa pomoni. Wachukuzi wanapiga kelele "Pisha! Pisha!", maji ya samaki yanachuruzika chini, na Swabra amelikunja buibui lake jeusi lisiguse tope. Mtandio wa zambarau ulimkaa vizuri hata muuza vitunguu alipunguza bei bila kuombwa. Mamake, Bi Mastura wa Likoni, alikuwa na hitima kesho yake na alitaka matumbo ya bei ya jumla. Alipofika bucha la Ngowa, Swabra aliyakuta matumbo yote yamo guniani, magunia mawili, na magunia yako mikononi mwa kijana mrefu aliyevaa shati la kaki lenye mifuko mingi kuliko vitu vya kutia.

"Kaka, hayo yote ni yako?"

"Yote."

"Una harusi?"

"Sina harusi. Nina wageni."

"Wageni gani wa kula magunia mawili ya matumbo?"

"Wageni wasiochagua." Alicheka kwa macho kabla ya mdomo. "Lakini wewe nitakugawia. Wataka kiasi gani?"

"Kiasi cha hitima ya babu yangu."

"Basi chukua gunia zima. Mimi na maiti hatugombani."

Ngowa akapangusa kisu chake na kusema kuwa wanaotaka kuchumbiana wasimzibie wateja. Swabra aliona haya, lakini nambari ya simu aliitoa. Wiki hiyo simu haikumtoka mkononi.

"Umekula, nyonda?" Jafar alikuwa akiuliza.

"Nimekula. Na wageni wako?"

"Wameshiba, wamelala, wanakoroma. Mmoja anakusalimu."

"Wewe kwani wafanya kazi gani?"

"Mimi daktari."

"Daktari wa nini?"

"Njoo Junda uone."

Akaenda. Nyuma ya lango la mabati alikuta uwanja mpana wenye vivuli vya makuti, na chini ya vivuli hivyo mbwa: wa kahawia, weusi, wenye miguu mitatu, wenye jicho moja. Swabra alirukia juu ya meza ya saruji na kushikilia buibui lake magotini. Jafar alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamchukua mbwa mmoja mzee aliyevunjika mguu, akamfunga bendeji polepole huku akimsemesha kama mtu, na Swabra, kule juu ya meza, akahisi moyo wake unamtoka. Mwanamume mwenye mikono ile, alijiambia, hawezi kumtupa mtu. Kabla ya kuondoka aliteremka, akawashika mbwa wawili vichwani.

Lakini angemwambia nini mamake? Wao ni watu wa Likoni wa asili, nyumba ya maulidi na visomo, ambako mbwa akipita mlangoni watu huita maji. Siku mamake alipomuuliza huyo anayempigia simu ni nani, Swabra alisema, "Ni daktari," akafunga mdomo. Bi Mastura hakungoja amalizie. Kabla ya adhana ya magharibi mtaa mzima ulishajua kuwa Swabra amepata daktari wa hospitali kubwa, apasuaye watu, na kwamba mikono yake ni miepesi. Mjomba Abdulaziz, kakake Bi Mastura, karani mstaafu wa bandari, alikuja na miwani yake na kusema, "Mwanangu, mwambie huyo daktari anitazame hili goti."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Swabra ilizibwa pande zote mbili. Kila Jafar alipotaja kuleta wazee kuposa, alimwambia subiri. Mamake naye akimuuliza mbona wazee hawaji, alimwambia daktari ana kazi nyingi.

"Wasubiri nini, laazizi?" Jafar alimuuliza siku moja.

"Wakati wake."

"Wakati una miguu, Swabra. Waondoka."

Swabra alifanya kazi Changamwe, katika kampuni ndogo inayoyatafutia mashirika wakubwa wao. Asubuhi moja mwenzake Matthew alishikwa na homa, na mkubwa wao akamwambia Swabra aende badala yake kuwa katibu wa jopo la mahojiano. Shirika la Ustawi wa Mbwa nchini lilikuwa linahamia Mombasa na lilitaka mkurugenzi mkuu. Swabra alishtuka kidogo kusikia neno mbwa, akachukua faili, akaenda mbio.

Alipoingia ukumbini alikutana na miwani anayoijua.

"Shikamoo, mjomba! Wafanya nini hapa?"

"Marahaba. Wametaka mzee wa Pwani kwenye jopo, wakaniona mimi," alisema Mjomba Abdulaziz kwa fahari. "Ati mbwa! Lakini chai yao nzuri."

Mwenyekiti alikuwa Bi Agneta, mama wa makamo mwenye suti ya kijani na sauti isiyopandishwa. Hata hakukaa. "Kabla hatujaanza," alisema, "nitayasoma majina. Yeyote anayemjua mwombaji aseme sasa, atoke. Hatutaki maneno baadaye." Akasoma jina la kwanza, la mama mmoja wa Nakuru aitwaye Sarah. Akasoma la pili.

Lilikuwa la Jafar.

Swabra alilitafuta jina lile kwenye faili lake, akalikuta. Hakumwambia! Alikuwa ameomba kazi hii na hakumwambia! Mwanajopo mwingine, Bwana Mramba, akasema hamjui. Mjomba Abdulaziz akasema hamjui. Kisha wote wakamgeukia yeye, na mjomba alikuwa amekaa karibu kabisa, hata harufu ya udi wa shati lake aliisikia. Akisema namjua, ataulizwa wapi. Na akishaulizwa wapi, Likoni itajua leo hii kwamba daktari wa Bi Mastura ni daktari wa mbwa.

"Simjui," alisema Swabra.

Neno likatoka jepesi, na hapo hapo akatamani kulimeza.

Jafar aliingia amevaa suti ya kijivu iliyopigwa pasi hadi ikakoma. Alimwona Swabra, uso ukamchangamka. Bi Agneta akamwambia kwa upole, "Karibu, daktari. Hapa hakuna anayekujua, kwa hivyo usiwe na wasiwasi."

Uso ukazimika. "Nimesikia, mama," alisema, akakaa. Hakumtazama Swabra tena.

Alijibu maswali yote bila kubabaika. Mjomba Abdulaziz akamuuliza la kwake: "Wewe Muislamu mwenzetu. Watu wetu mbwa hawamtaki. Utawaambia nini?"

"Mzee, sitawaambia wamtake. Nitawaambia wamlete achanjwe. Kichaa cha mbwa hakimuulizi mtoto ni wa dini gani."

Mjomba akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamnong'oneza Swabra, "Huyu kijana ana akili. Mzazi wake ana bahati." Swabra aliandika asichokiona.

Jioni hiyo alipiga simu mpaka kidole kikachoka. Mwisho Jafar akapokea.

"Jafar, roho yangu..."

"Nani mwenzangu?"

"Ni mimi."

"Wewe nani? Kuna watu wanne leo wamesema hawanijui. U yupi?"

"Yule mzee mwenye miwani ni mjomba wangu, Jafar. Nyumbani hawajui habari ya mbwa. Niliogopa."

Aliweza kusikia mbwa wakibweka kwa mbali.

"Mimi nilijua kitambo," Jafar alisema. "Mtu hasubirishi posa bure. Nikasema, akiolewa na mkurugenzi, mamake atatangaza ukurugenzi, na hilo neno la mbwa litamezwa na cheo. Ndiyo nikaomba. Nilitaka uje usikie mwenyewe, ufurahi. Kumbe uko ndani, unanikana!"

"Nisamehe."

"Kukusamehe si kazi. Kazi ni kusahau ulivyolisema bila kukohoa." Akakata.

Swabra alilia kwa uchungu wa kweli, kwa sababu alikuwa na makosa na alijua. Siku mbili baadaye Bi Agneta alimpigia kumwambia Jafar ameshinda, tena kwa mbali. Alhamisi bodi nzima ingekutana. Swabra, kama katibu, asimame asome ripoti na awahakikishie wajumbe kwamba hakuna wa jopo aliyemjua mshindi. Baada ya hapo wangemtangaza.

Hapo ndipo aliliona tundu aliloingia, na lilikuwa kama dema, samaki huingia kwa raha na haoni pa kutokea. Akisimama na kurudia uongo, Jafar atapata kazi anayoistahili, lakini hatamwoa kamwe. Atamwoaje mtu aliyesema hadharani kuwa hamjui? Siku ya harusi picha zitasambaa, na kazi itamtoka kwa aibu. Akisema kweli, Jafar atakosa kazi, na yeye atapoteza yake. Alimpigia tena.

"Nikisema kweli utaikosa," alimwambia.

"Najua."

"Nikinyamaza utanikosa mimi."

"Hilo pia nalijua. Nimelihesabu kila upande, Swabra, halilingani."

"Basi niambie nifanye nini!"

"Siwezi. Nikikwambia sema, mimi ndiye nimekufukuzisha kazi. Nikikwambia nyamaza, mimi ndiye nimekuacha. Wataka nibebe lipi?" Sauti ilimkatika. "Wallahi nakupenda. Lakini hili ulilifunga mwenyewe, na fundo lake liko mkononi mwako."

Nyumbani Bi Mastura alikuwa amenunua pazia jipya la sebuleni kwa ajili ya wazee wa daktari. Akalitundika huku akiimba.

Alhamisi Swabra alivaa buibui lake la kazini na mtandio mweupe, akasimama mbele ya bodi. Mjomba Abdulaziz alikaa safu ya mbele na chai yake. Bi Agneta akamwashiria. Swabra akaifungua ripoti, akaitazama, akaifunga.

"Kabla ya kusoma," alisema, "nina neno. Niliulizwa kama namjua Daktari Jafar, nikasema simjui. Nilisema uongo. Namjua. Tunapendana, na anataka kunioa. Yeye hakujua kama nitakuwemo, na hakunituma nimfiche. Kosa ni langu peke yangu. Niliona haya, kwa sababu anatibu mbwa."

Mjomba alitua kikombe, kikakosa kisahani. Bi Agneta alimtazama kwa muda mrefu, na kama kulikuwa na huruma katika jicho lile haikumsaidia mtu. "Umefanya vyema kusema," alisema. "Lakini kijana naye alikuona mle ndani, akanyamaza." Wajumbe walitoka, wakarudi. Kazi alipewa Sarah wa Nakuru. Kabla ya saa sita mkubwa wa Changamwe alimwambia Swabra akusanye vitu vyake.

Njiani kurudi Likoni, ndani ya tuktuk, mjomba aliifuta miwani yake mpaka feri. Kisha akasema, "Daktari wa mbwa."

"Ndiyo, mjomba."

"Nami nimemsifu, na goti langu lilikuwa likimngoja. Mamako ajua?"

"Hajui."

"Basi utamwambia wewe. Mimi moyo wangu hauna nguvu hizo."

Bi Mastura alisikiliza amesimama chini ya pazia lake. Hakupiga kelele, na hilo lilimtisha Swabra zaidi.

"Kwa hivyo nimetembea nyumba hadi nyumba nikisema uongo, kwa ulimi wangu huu?"

"Nisamehe, mama. Ni mimi niliyekutuma."

"Mbwa, Swabra!"

"Mbwa, mama."

"Na kazi umeachishwa kwa ajili yake?"

"Kwa ajili ya uongo wangu."

Bi Mastura akaingia chumbani, akajifungia. Siku ya tatu alitoka, akasema bila kumtazama bintiye, "Mwambie alete wazee wake Jumapili." Swabra hakujua ni kwa wema au ni kwa kumfedhehesha, na hakuthubutu kuuliza. Alimpigia Jafar.

"Kazi nimekukosesha," alisema.

"Nimesikia. Mjombako alinitafuta. Ameniambia ulivyosimama." Nyuma yake mbwa alibweka. "Umeniita jina langu mbele za watu, nyonda. Kazi nyingine zipo. Jumapili tutakuja."

Jumapili baada ya alasiri wazee wa Junda walifika na halua, kashida za heshima mabegani, Jafar katikati yao, kanzu nyeupe, kofia ya viua imemkaa sawasawa. Majirani walikuwa wamejaza milango yote ya kichochoro. Na pale barazani, kabla ya kizingiti, Bi Mastura alikuwa ameweka ndoo ya maji, na kando yake sinia la udongo mwekundu. Kila mtu alielewa. Kwetu aliyeguswa na mate ya mbwa huosha mara saba, na moja iwe kwa udongo.

"Asalamu alaikum, mama," alisema Jafar.

"Wa alaikumu salaam. Kabla hujaingia, osha mikono."

"Nimeshaosha nyumbani, mama. Na udongo nimetumia."

"Sina shaka. Lakini mtaa huu niliupa uongo kuhusu mikono yako, leo nataka mtaa uone kweli. Osha, majirani waone."

Mzee mmoja wa Junda akapandwa na hasira. "Sisi tumekuja kuposa, bibi, hatukuja kuaibishwa. Jafar, turudi."

Jafar alisimama pale pale. Kuinama mbele ya mtaa ni aibu kwa wazee wake, kurudi ni kumwacha Swabra. Aliitazama ndoo, akautazama mlango. Kicheko kikasikika mahali.

Msichana anayeposwa hatoki nje. Hukaa ndani, na majibu husemewa na wakubwa. Swabra alikuwa nyuma ya pazia jipya, na aliiona miguu ya Jafar ikisita. Akalisukuma pazia. Akapita katikati ya wanawake walioshika vinywa vyao, akatoka barazani uso wazi, mtandio wa zambarau begani, akapiga magoti mbele ya ndoo.

"Ingia ndani, mtoto!" mamake alimkemea. "Wewe hujaitwa kuosha."

Swabra alizamisha mikono yake yenye hina kwenye udongo mpaka vifundoni, akaitoa imejaa wekundu, akainyoosha. Jafar alipiga magoti upande wa pili na kufanya vivyo hivyo.

"Mimina, mama," alisema Swabra kwa sauti iliyofika mwisho wa kichochoro. "Mimi pia nimewashika mbwa wake."

Bi Mastura alisimama akiitazama mikono ile minne, haikujulikana ipi ya daktari na ipi ya bintiye. Kisha akachota maji.