Alama Kumi na Moja

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alijaza maji kwenye karai la karakana. Babu yake alizamisha tyubu humo, akaikamua taratibu, na mapovu yakamwonyesha palipotoboka. Kwa miaka arobaini alikuwa ameziba pancha za mtaa mzima, ndiyo maana watu walimwita Babu Kiraka. Mjukuu naye walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Siku moja mgongo wa Babu ulimuuma, akapigwa picha hospitalini. Picha ikaonyesha jambo jingine. Mshipa mkuu wa damu, ule unaotoka moyoni na kushuka tumboni, ulikuwa umevimba mahali pamoja. Daktari alisema atampasua na kuweka mrija wa kitambaa maalumu palipovimba, kabla mshipa haujapasuka.

"Kumbe nina tairi lenye nundu," Babu alisema. "Hilo nalijua. Likiamua kupasuka halipigi hodi."

"Basi umeelewa haraka kuliko wanafunzi wangu," daktari akajibu.

Kabla ya upasuaji, Babu alitakiwa kuacha sigara na kumeza kidonge cha presha kila asubuhi. Sigara aliziacha siku ileile. Badala yake akatafuna karoti kutwa, mpaka Bibi akamwuliza kama anasubiri kuota masikio ya sungura. Kuhusu vidonge, muuguzi alimpa Chiriku kadi yenye visanduku.

"Akimeza, weka alama," alimwambia. "Msimamizi ni wewe."

Baada ya wiki mbili presha ilishuka vizuri. Kesho yake Babu akaificha chupa ya vidonge nyuma ya makopo ya gundi.

"Tairi lenye nundu ukilipunguza upepo, nundu inarudi ndani," alisema. "Presha imeshuka, nundu imerudi. Vidonge vya nini tena?"

"Lakini Babu, daktari alisema..."

"Daktari anajua watu, mimi najua upepo. Weka alama zako, usimtie Bibi yako wasiwasi."

Chiriku akaweka alama. Akaweka na ya pili, na ya tatu. Kila alama ilimfunga mdomo zaidi.

"Chiriku wangu siku hizi haimbi," Bibi alisema wakati wa chakula. "Au vidonge vya babu yako unavimeza wewe?"

Babu alicheka. Chiriku akatazama sahani.

Siku mbili kabla ya upasuaji walirudi kwa daktari. Muuguzi alipima presha, akapima tena. Ilikuwa juu sana. Daktari akachukua kadi, akapitisha kidole kisanduku kwa kisanduku.

"Hajaruka hata siku moja, na bado presha iko juu. Dawa hii haimfai. Nitampa kali zaidi."

Kalamu ikagusa karatasi. Chiriku akamtazama Babu, naye Babu akatazama viatu vyake. Akisema, Babu ataaibika mbele ya watu. Asiposema, Babu atapewa dawa kali kwa sababu ya wino wake yeye.

"Alama kumi na moja za mwisho ni za uongo," alisema. "Nimeziweka mimi. Hakumeza."

Bibi alimgeukia mumewe polepole. Babu akakohoa.

"Mtoto msimlaumu. Nilimwambia mimi." Kisha akaeleza habari yake ya upepo na nundu.

Daktari hakucheka. "Mzee, tairi likitoa nundu, ukapunguza upepo nundu ikarudi, ungempa dereva aende nalo safari?"

"Siwezi," Babu alisema. "Nyuzi za ndani zimeshakatika."

Akajishika tumbo.

"Umejijibu," daktari akasema. "Vidonge haviponyi nundu. Vinapunguza upepo ili isipasuke kabla sijaifikia. Na dawa kali ingeweza kuishusha presha yako kupita kiasi, kumbe ulihitaji ileile ya kwanza tu."

Upasuaji ukasogezwa wiki mbili mbele. Safari hii Babu alimeza kidonge mbele ya Bibi na Chiriku, akafungua mdomo na kuinua ulimi kama mtoto wa chekechea.

Siku ilipofika, walikaa kwenye benchi la hospitali tangu asubuhi mpaka saa tisa. Daktari alitoka akitabasamu: mrija umekaa sawasawa. Walipomkuta Babu ameamka, alikuwa anamwuliza muuguzi kwa sauti ndogo, "Mmeupima kwenye maji?"

Muuguzi alicheka mpaka akaegemea ukuta. Babu naye akataka kucheka, akakumbatia mto tumboni. "Msinichekeshe, mshono unauma."

Nyumbani alianza kutembea. Kwanza mpaka mlangoni, kisha mpaka kwa jirani, na wiki ya tano mpaka karakana. Hakuruhusiwa kuinua kitu kizito kuliko birika lililojaa maji. Dereva mmoja alipoleta tairi la lori, mkono wa Babu ulinyooka wenyewe.

"Babu," Chiriku aliita, "hilo ni mabirika mangapi?"

"Kama ishirini hivi."

"Basi kaa."

Babu akakaa. Dereva akaliviringisha mwenyewe huku akisema kumbe karakana ina bosi mpya.

Dereva alipoondoka, Babu alitoa sandukuni kipimo cha upepo chenye mshale uliokwama, akakitupa kwenye ndoo ya taka.

"Asiye na kipimo huenda polepole," alisema. "Mwenye kipimo cha uongo hukimbia mpaka anapasuka. Kadi ile ilikuwa kipimo cha daktari, nami nikakufundisha kuiharibu. Mtu mzima akikuambia uandike uongo, kataa. Hata akiwa mimi."

"Hata ukikasirika?"

"Hata nikikasirika. Utaniona tu, presha itapanda."

"Haya, fungua mdomo," Chiriku alisema. Akachungulia, akaona ulimi ni mtupu, ndipo akaweka alama ya siku ile.