Pumzi ya Kuiba

Kila asubuhi ya likizo ile, Kipenga alideki sebule, akapanga vikombe mezani, kisha akakaa na baba yake kwenye mkeka wafanye mazoezi ya pumzi. Kudeki alikufanya kwa kununa kidogo, kama mtoto yeyote wa darasa la sita. Mazoezi ya pumzi aliyapenda, ingawa yalimtia hofu, kwa sababu alijua yalikuwa ya nini.

Jina la Kipenga alipewa na baba yake alipokuwa mchanga. Kilio chake, alisema Baba, kilikuwa kikali kiasi cha kusimamisha mpira uwanjani. Baba mwenyewe alikuwa mpiga tarumbeta, na wenzake wa bendi walimwita Mapafu. Aliweza kushikilia noti moja mpaka mpiga ngoma akaanza kutazama saa. Kwa hiyo daktari alipomwambia kwamba ana saratani, na kwamba uvimbe umekaa sehemu ya chini ya pafu la kushoto, jirani na moyo, Baba alicheka kicheko kisicho na furaha. Ugonjwa huu, alisema, una dharau.

Alikuwa akitibiwa kwa mionzi. Alilazwa juu ya kitanda chembamba, mikono juu ya kichwa, na mashine kubwa ikauelekezea uvimbe mionzi. Shida ni kwamba mtu anapopumua, pafu hupanda na kushuka, na uvimbe hufuatana nalo. Ndiyo maana Baba alifundishwa kuvuta pumzi kiasi, kuizuia na kutulia, na mionzi ilipita katika utulivu huo tu. Kijisanduku kidogo kiliwekwa kifuani pake na kamera ilikitazama muda wote. Kikitikisika kupita kipimo, mionzi ilikatika yenyewe.

Mama alikuwa akifua mashuka kwenye hoteli na aliondoka nyumbani alfajiri. Hivyo kazi ya kumsindikiza Baba hospitali, na ile ya kumsimamia mazoezi, zilimwangukia Kipenga. Alimwekea baba yake kiganja kifuani, akamwambia avute, azuie, kisha akahesabu kimoyomoyo.

Asubuhi moja mkono ulimteleza ukatua tumboni. Kifua kilikuwa kimetulia kama meza, lakini tumbo lilikuwa linapanda na kushuka polepole. Kipenga alielewa papo hapo. Wapiga tarumbeta wana ujanja wao wanaouita kuiba pumzi. Asiyetaka kuikatisha noti hunyonya hewa kidogo kidogo kwa pua, mabega na kifua vikiwa palepale, na watu wasijue kwamba amepumua. Baba alikuwa amemfundisha ujanja huo kwa mkono wake, mwaka uliopita, na Kipenga alikuwa ameujivunia sana.

"Baba, unaiba," alisema.

Baba alifumbua jicho moja. "Nani kakwambia?"

"Tumbo lako."

Baba alitabasamu, lakini tabasamu halikudumu. Kipenga akamuuliza kama na hospitali anafanya hivyo. Baba alishika ncha ya mkeka, akaikunja, akaikunjua. Mwishowe alikiri kwamba pumzi zake zilikuwa zimefupika siku za karibuni. Hazikufika mwisho wa hesabu tena, na kila alipoona zinataka kumponyoka, aliiba.

"Wale wanatazama kifua, na kifua hakitikisiki," alisema. "Nikiwaambia siwezi, wataniondoa kwenye tiba hii. Na mimi, mtu mzima ninayeitwa Mapafu, nishindwe kuzuia pumzi? Hili libaki kati yangu na wewe, mwanangu. Hata mama yako usimwambie."

Kipenga aliitikia. Alikuwa amelelewa kujua kwamba neno la mzazi halijadiliwi. Hata hivyo asubuhi hiyo aliiacha chai yake ipoe mezani, na njiani alitembea hatua kadhaa nyuma ya baba yake. Baba alijitia kutoliona hilo.

Hospitalini waliketi kwenye korido ya siku zote, yenye mabenchi ya mbao, karibu na mlango mnene wenye taa nyekundu juu yake, iliyowaka kila mionzi ilipopita. Mtaalamu wa mionzi, mwanamke mrefu mwenye viatu vya raba visivyo na sauti, alimchukua Baba, akamlaza na kumpanga vizuri kitandani. Alipotoka kwenda kwenye chumba cha mitambo alimwona Kipenga anatafuna kucha, akasimama. Alimwambia asihofu, baba yake ni mgonjwa wa mfano. Anatulia mpaka wagonjwa wengine wanasimuliwa habari zake.

Sifa hizo zilimchoma Kipenga kuliko karipio.

"Anti," aliuliza, "kifua kikitulia, lakini ndani kukawa kunatembea, inakuwaje?"

Mtaalamu alitaka kucheka, lakini aliona mtoto hachezi. Aliwasha tochi ya simu yake na kumwomba Kipenga anyooshe mkono. Mwanga mdogo ukaanguka juu ya kidole gumba.

"Tuseme hiki kidole ndicho uvimbe. Sasa sogeza mkono kidogo tu."

Kipenga akausogeza. Mwanga ukabaki palepale ulipokuwa, na sasa ulikuwa juu ya kifundo cha mkono.

"Umeona? Mionzi haijui kwamba uvimbe umehama. Inachoma kilichopo mbele yake."

"Na kwa Baba, hapo pana nini?"

"Pana pafu zima, lisilo na ugonjwa. Na moyo uko hapohapo," alijibu mtaalamu, kwa sauti ya mtu asiyependa kuwadanganya watoto. Kisha akaizima tochi, akaushika mlango wa chumba cha mitambo.

Kipenga aliinuka kwenye benchi. Akisema, atamwaibisha baba yake mbele ya watu wanaomsifu, na atakuwa amevunja ahadi aliyoitoa asubuhi hiyohiyo. Akinyamaza, taa nyekundu itawaka, na baba yake atalala pale akijiumiza kwa ujanja wake mwenyewe. Aliiogopa hasira ya baba yake. Lakini alimpenda zaidi ya alivyoiogopa.

"Anti, usiiwashe mashine," alisema. "Baba anaiba pumzi."

Mtaalamu hakuelewa. Kipenga akauchukua mkono wa mtaalamu, akauweka juu ya tumbo lake mwenyewe, akavuta pumzi na kuizuia, kisha akaiba kama alivyofundishwa. Kifua hakikutikisika hata kidogo, lakini tumbo lilipanda na kushuka chini ya kiganja. Uso wa mtaalamu ukabadilika. Aliingia ndani, akashika maikrofoni na kumwambia Baba apumue kawaida, leo watasimama kwanza.

Daktari aliitwa. Walimwomba Baba azuie pumzi kama alivyokuwa akifanya siku zote, wakampiga picha mfululizo kupitia mashine ileile. Kila mtu aliona kwenye skrini kwamba kifua kimetulia na uvimbe unashuka kutoka mahali pake. Baba alipotoka alipita mbele ya Kipenga bila kumtazama. Kipenga alilia palepale kwenye benchi, bila kujificha, na hakuna aliyemkataza.

Baadaye waliitwa wote wawili katika chumba kidogo cha daktari. Daktari hakupamba maneno. Sehemu ya mionzi ya siku zilizopita huenda ilikuwa imeangukia pasipotakiwa, na mahesabu yote yangefanywa upya kabla ya kuendelea. Bahati ni kwamba mambo yalikuwa hayajaenda mbali. Baba, akiwa ameinamisha kichwa, alisema aliogopa kuondolewa kwenye tiba.

"Hakuna anayefukuzwa hapa kwa kuishiwa pumzi," alimwambia mtaalamu wa mionzi, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Tungekugawia vipande vifupi. Unazuia kidogo, unapumzika, unazuia tena, na mashine inakungoja. Kwa kungoja inatushinda sote. Ila sisi tulikuwa tunakiamini kifua chako, Mzee, na kifua chako kilikuwa kinatudanganya. Nasi tumejifunza. Kuanzia sasa tutalitazama na tumbo."

Ndivyo ilivyofanyika. Baada ya siku chache Baba alirudi kwenye kitanda kile, na safari hii alizuia pumzi fupi za kweli, moja baada ya nyingine. Pumzi ilipokaribia kumwishia alibonyeza kitufe alichopewa mkononi, akapumua, akaanza upya. Ilichukua muda mrefu kuliko zamani, na wagonjwa waliosubiri walimvumilia. Nyumbani alimweleza Mama kila kitu mwenyewe. Mama alikasirika, akalia, kisha akashika yeye zamu ya kusimamia mazoezi kila Jumapili.

Tiba ilipokwisha, picha mpya zilionyesha uvimbe umesinyaa. Daktari alisema wangeendelea kuufuatilia, na kwamba si wakati wa kusherehekea bado. Jioni hiyo Baba alimwita Kipenga barazani. Tangu siku ile ya korido walikuwa hawajaizungumzia.

"Ulidhani umenisaliti?" Baba aliuliza.

Kipenga alitikisa kichwa kukubali.

"Mimi ndiye niliyekukosea. Nilikutwisha mzigo wa mtu mzima, halafu nikanuna ulipoutua." Alivuta pumzi, akaendelea. "Nimekufundisha kunitii, na ninataka uendelee. Lakini mkubwa akikuomba ufiche jambo linaloweza kumuumiza mtu, hata mkubwa huyo nikiwa mimi, usimtii. Tafuta mtu mzima mwingine, umwambie. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Baba," Kipenga alijibu. Halafu, kwa kuwa moyo wake ulikuwa umepata wepesi, akauliza kama kutotii huko kunahusu pia vyombo vilivyokuwa jikoni.

Baba alicheka mpaka akakohoa. Alipotulia alimwambia vyombo havijawahi kumuumiza mtu, aende akavioshe.