Mgeni wa Ukoo

Mercyline alitoka kwa mchapishaji pale River Road, Nairobi, amebeba furushi la programu za mazishi ya nyanya yake, hamali wa mabati akampiga kikumbo, programu zikatapakaa njia nzima. Kijana mmoja mpita njia, Lenox, akainama kumsaidia. Badala ya kumrudishia aliyookota, akasimama pale pale kusoma nani alimzaa nani.

"Wee, kwani hiyo ni gazeti?"

"Pole, dada. Kazi yangu ni kutafutia watu mababu zao."

"Wangu ndio huyo tunazika wiki hii. Leta!"

Mercyline alibetua mdomo, lakini macho yalicheka. Alivaa gauni la rangi ya haradali na raba nyeupe, na Lenox, mpenda makaratasi, akayasahau makaratasi.

Mapenzi yakakolea. Jioni zikawa za simu, Jumapili zikawa za chapati kwa dada yake Mercyline, mtaa wa Mountain View. Wote wawili kwao ni Magharibi mwa Kenya. Lenox alishinda akiwauliza watu koo zao, ila huyu hakumuuliza. Ukimchunguza sana bata, humli, na yeye bata huyu alimtaka kweli kweli.

Wazee ndio waliouliza, siku posa ilipotajwa. Wakakuta ukoo ni mmoja. Kwao, wa ukoo mmoja ni ndugu na hawaoani, hata kama mababu walitengana kabla ya reli kufika.

"Basi wewe ni kaka yangu," Mercyline alisema kwenye simu akilia. "Aki Lenox, tumefanya nini?"

Lenox akaenda Jumba la Nyaraka za Taifa kuhakikisha, akaomba mafaili ya kesi za mashamba za wilaya yao ya zamani. Humo akamkuta babu wa baba yake, akimwambia hakimu wa enzi za mkoloni kwa kinywa chake: mimi si wa damu yao, nilikuja nikikimbia njaa, wakanipokea, wakanipa pa kulima na jina lao.

Kumbe hawakuwa ndugu! Angeruka kwa furaha. Lakini baba yake, Mzee Zedekiah, alikuwa mwenyekiti wa ukoo huo, na kule nyumbani hakuna tusi linalouma kama kuitwa mgeni. Mgeni hata kwenye shamba lake hukaa kwa hisani ya wenyewe. Lenox akarudisha faili, akanyamaza. Kila simu ya Mercyline ilipoita, alijichukia, na bado akanyamaza.

Adhuhuri moja, miezi kadhaa baadaye, simu ikaita tena.

"Kaka Lenox, sasa?"

"Usiniite hivyo, Mercy."

"Si lazima nizoee? Jana nilienda kwa pasta nikatubu. Nilimwambia nimempenda ndugu yangu. Lakini bado nakupenda, na sijui nitatubu mara ngapi."

Hapo moyo ukampasuka. Mtoto wa watu alikuwa akibeba dhambi isiyokuwepo, na aliyemtwika ni yeye. Akaacha kazi aliyokuwa akifanya, akaenda hadi mtaa wa Woodley, Mercyline alikokuwa na duka la kushona nguo, akamwambia yote akiwa amesimama mlangoni.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu Mei."

"Mei!" Akamtupia kitambaa alichokuwa akikishona. "Mimi nalia kila siku, na wewe umekalia hiyo maneno? Juu ya nini?"

"Juu ya jina la mzee."

"Na langu je?"

Lenox akatoa simu, akampigia baba yake. Akaiweka spika.

"Baba, nimeona kesi ya babu yako. Sisi ni wageni pale."

Mzee akashusha sauti. "Nani mwingine amesikia?"

"Mercyline. Nataka kumwoa."

"Mimi siwezi kutamka hayo mbele ya watu, mwanangu. Ukitaka kuoa, njoo Jumamosi kwenye mkutano wa ukoo, useme mwenyewe." Sauti ilikuwa ya mtu aliyezeeka ghafla. Akakata.

Lenox akajifuta machozi kwa kiganja. Alimwonea baba yake huruma, na alimwonea haya msichana aliyesimama mbele yake.

"Naenda, Mercy. Nikishasema, utakubali nikuoe?"

"Nitakuja hiyo Jumamosi."

"Ina maana umenisamehe?"

"Bado," alisema, akiokota kitambaa chake. "Nakuja kuona kama utasema."