Abiria wa Aloo

Askari wa trafiki alimsimamisha Aloo akiwa kwenye skuta yake karibu na Kaloleni, mchana jua likiwaka, akamwambia ana kosa: abiria wake hajavaa helmeti. Aloo alitabasamu. Alikuwa peke yake, ametoka kupeleka mandazi dukani. Askari, jina lake Shitanda, akatazama tena kiti cha nyuma, kisha akamruhusu aende bila kumwangalia usoni.

Skuta hiyo ya umeme alipewa na mumewe, Okinyi, ambaye awali aliitumia kwenda soko la Sondu. Alisema amechoka na barabara ile. Alimkabidhi ufunguo kwa upole ambao Aloo hakuwa ameuona tangu waoane, naye akaizungusha mtaani, majirani waione zawadi ya mume wake.

Baada ya siku ile ya askari, Aloo alianza kusikia mambo. Skuta ya umeme haingurumi, kwa hiyo hakuna kilichofunika ile pumzi nyuma ya shingo yake. Kulikuwa pia na harufu ya damu na udongo uliolowa. Halafu, jioni moja akirudi kutoka Kombewa, kiti cha nyuma kilibonyea kama mtu amepanda, mikono miwili baridi ikampita kiunoni na kushikana tumboni, naye akaendelea kuendesha kwa sababu hakuthubutu kusimama, machozi yakimtoka, akiomba kimoyomoyo, huku shavu la mtu limelala mgongoni mwake kama la msafiri aliyechoka.

Wakati wa chakula alimweleza Okinyi kwamba skuta ile inamtia hofu. Okinyi hakumuuliza ameona nini. Alitoa mwiba wa samaki mdomoni, akasema polepole, "Usigeuke tu. Ukigeuka, atakujua uso."

Aloo hakuweza kula tena. Hakuwa amemwambia kwamba ni mtu.

Kesho yake alikwenda kwa Mama Seline, mwombezi wa kanzu nyeupe aliyeombea watu ufukweni Dunga. Seline aliimba, akanyunyiza maji, akauliza aliyepanda ni nani. Jibu lilitoka kinywani mwa Aloo mwenyewe, kwa sauti ya msichana asiyemjua.

"Mimi ni Anyango wa Sondu. Aliendesha gizagiza bila taa, na kitu chake hakina sauti. Sikumsikia mpaka aliponigonga. Aliniambia anaenda kuita watu. Nikangoja mpaka nikafa. Nilipomfuata kwake akaniomba, niache mimi, panda na mke wangu."

Seline aliacha kuimba. Alimweleza Aloo kwa sauti ya chini kwamba huyu hafukuzwi kwa maji. Amepewa nafasi na mwenye boma. Dawa ni kumrudisha kwao na kusema ukweli huko.

Aloo hakurudi nyumbani kugombana. Alishika barabara ya Sondu akiwa amekumbatiwa njia nzima, wala hakugeuka. Alilia, lakini sasa si kwa hofu. Alikumbuka alivyoshukuru kwa ile zawadi.

Baada ya kuulizia sokoni, alimkuta mama yake Anyango akichambua maharagwe mlangoni. Aloo alisimamisha skuta akiwa bado amekaa, akasema, "Mama, aliyemgonga mtoto wako ni mume wangu. Anaitwa Okinyi."

Ile mikono ikalegea. Kiti kikainuka.

Mama aliiacha mikono yake ndani ya maharagwe. Aliuliza neno moja tu: je, Anyango alikuwa hai alipoachwa?

"Alikuwa hai, mama."

Basi wazee wa boma wakaitwa, wakakubaliana kwenda na Aloo kituo cha polisi. Walikuwa wakivaa viatu simu yake ilipolia. Alikuwa Okinyi. Hakuuliza yuko wapi, wala kama ni mzima.

"Ameenda?"

"Ameenda," Aloo akasema. "Nimewapa jina lako."

Aloo alisikia kiti kikiburutwa sakafuni, kisha akamsikia mumewe akizungumza, si naye, kwa sauti nyembamba ya mtu anayebembeleza.

"Nani amekufungulia mlango?"