Koti Lililokatwa Siku ya Kiwete

Kamera ilijipiga saa tatu asubuhi, na Bilyana alikuwa amesimama dirishani akiangalia. Hapakupita mnyama. Uani theluji ilikuwa tupu mpaka kwenye mti wa plamu, kamera ilikofungwa. Lakini picha ilipoingia kwenye simu yake ilionyesha nyayo: tatu zimezama, ya nne imeburutwa.

"Mbweha aliyevunjika mguu," alijiambia, ingawa hakuna mbweha mwenye nyayo pana kama sahani.

Tangu theluji ianguke alikuwa akiwapiga picha wageni wake wa uani: paa, mbweha, kindi mmoja mlafi. Jana paa watatu walikaribia uzio, na hapo hapo kamera ikadondoka mtini. Siku hizo ni siku za mbwa mwitu, ambazo kukata nguo ni mwiko, na kama kila mwaka mama mkwe wake, Tota, alikuwa ameufunga mkasi kwa uzi mwekundu ili mdomo wa mbwa mwitu usifunguke. Bilyana, mzaliwa wa mjini, hucheka sana akiuona. Aliukata uzi, akakata ukanda kwenye pindo la koti kuukuu la mumewe Rumen, akaifunga kamera tena mtini kwa ukanda huo. Paa akawapata pichani. Mkasi akaufunga upya bila kumwambia mtu. Mzaha mzaha hutumbua usaha.

"Umemwingiza mbwa ndani?" Tota aliuliza kutoka jikoni, akikoroga supu ya maharagwe. "Nasikia harufu ya manyoya mabichi."

"Hatuna mbwa, mama."

Simu ikalia. Safari hii mnyama alionekana, mkubwa kama ndama, amesimama chini ya dirisha lile lile, pua juu, na macho yake mawili yamezibwa kwa tope lililokauka. Bilyana alichungulia nje. Hakuona kitu. Alimpelekea Tota simu.

"Tope hilo nililipaka mimi," Tota alinong'ona. "Pale mekoni, siku ya kwanza ya mbwa mwitu, kuyaziba macho yake. Huyo si mbwa mwitu, mwanangu. Ni Kutsulan, jini kiwete, anayekuja nyuma ya wenzake wote. Haoni, ananusa. Nguo ikikatwa siku zake, anayeivaa ni wake. Nani amekata nini?"

"Mimi. Koti la Rumen."

"Liko wapi?"

"Amelivaa. Yuko msituni, anapasua kuni."

Bilyana alimpigia simu mumewe, akamwambia kuna mbwa mwitu uani. "Mwambie mama asimpe mbwa mwitu wake supu yangu," Rumen alitania.

"Livue koti, Rumen! Nakuomba!"

"Ili nife kwa baridi? Nimeshafika getini, mke wangu, tulia."

Aliingia akijikung'uta theluji, lakini mzaha ulikuwa umemwisha, kwa maana tangu kwenye daraja, alisema, kuna kitu kilikuwa kikiburuta mguu nyuma yake, akisimama kinasimama, akigeuka haoni ila nyayo zinazojichora zenyewe kwenye theluji, na sasa wote watatu waliusikia mguu ule ukikwaruza ubao wa ngazi, taratibu, na ile harufu ikijaa nyumba mpaka supu haikunukia tena.

Tota alimvua mwanawe koti. "Rumen, shuka chini kaniletee kabichi kwenye pipa."

"Sasa hivi, mama?"

"Sasa hivi."

Aliposhuka, Bilyana alinong'ona, "Tulichome."

"Likiungua ataingia kumtafuta Rumen mwenyewe. Anataka mvaaji, na hajui ila koti." Tota alilivaa, akafunga vifungo kimoja kimoja. "Usimwambie mpaka nifike kwenye miti."

"Mama, nivae mimi. Kosa ni langu."

"Wewe una miaka mingi ya kupika vibaya bado," alisema, akambusu, akatoka.

Picha ya tatu ilimwonyesha akiuvuka uzio, mkono juu ya shingo ya mnyama yule, kama anayekwenda kwa jirani. Bilyana alilia mpaka akakauka koo.

Rumen alipopanda na kabichi akakuta mama hayupo, alichukua bunduki akafuata nyayo. Alirudi jua likizama, midomo ya buluu, bila mama.

"Alitoka na koti langu. Kwa nini?"

Kabla Bilyana hajajibu, hatua zilisikika ngazini.

"Rumen, mwanangu," ilisema sauti ya Tota. "Nifungulie. Mguu unaniuma."

Kwa miaka themanini Tota hakuwahi kulalamikia mguu. Bilyana aliruka akauegemea mlango. "Usifungue! Huyo si mama. Mama amekwenda badala yako. Mimi ndiye niliyelikata koti lako siku ya Kiwete, Rumen, mimi ndiye niliyemuua mama yako."

Rumen alimtazama kama mtu asiyemjua.

"Mwanangu, baridi inaniua," sauti ilisema.

Alimsukuma mkewe pembeni kwa mkono mmoja. Kwa mwingine akainua komeo.